UZI: Wachapishaji wadogo wanaowalipa waandishi kuchu na waliobadili jinsia. Pesa, mkataba na jina la kwenye kitambulisho

Mvita_Kalamu (mwanzisha uzi)

Wanabaraza, salaam. Kwa miaka nimekuwa msomaji wa kimya humu. Leo nafungua uzi kwa sababu juzi dada mmoja alinitumia ujumbe faragha: "Nina hadithi kumi na mbili. Nne zinamhusu mwanamke ambaye alipozaliwa waliandika mwanamume. Nizipeleke wapi, na je, watanilipa?"

Swali lake lina vichwa viwili, na watu wengi hujibu kile cha kwanza tu. Mimi nataka tukae na cha pili.

Kazi yangu ni kuhariri na kutafsiri. Kwetu ni Mombasa, nakaa Nairobi, na mimi mwenyewe ni kuchu, yaani mtu ambaye mapenzi au jinsia yake si ile iliyozoeleka. Natumia neno hilo kwa sababu ndilo tunaloitana. Tulilipokea kutoka kwa ndugu zetu wa Uganda likatukaa. Nitasema pia "waliobadili jinsia", ingawa baadhi ya rafiki zangu hawalipendi. Wanasema wao hawakubadilika, waliobadilika ni watu waliokuwa wakiwasalimia. Mwenye neno bora alilete, nitalitumia.

Nianze na langu. Hadithi yangu ya kwanza ilitoka kwenye mkusanyiko wa shirika moja ambalo silitaji. Siku ya uzinduzi palikuwa na ukumbi wa hoteli, bango refu, mpiga picha, sambusa na juisi. Mwenye hoteli alilipwa. Mpiga picha alilipwa. Mshereheshaji alilipwa. Sisi kumi na mmoja tuliokiandika kile kitabu tulipewa nakala mbili mbili na mfuko wa kitambaa wenye maneno "Sauti Zetu". Mmoja wetu alikuwa ameandika hadithi yake yote kwenye simu, akilala kwenye kochi la mtu baada ya kufukuzwa kwao. Jioni ile aliniazima mia ya nauli. Ule mfuko aliufanya mto wa kulalia.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia anawaunga mkono waandishi kuchu, namuuliza anawalipa kiasi gani na lini.

---

Mvita_Kalamu

Naendelea. Jambo hili lina wazee wake, na wazee wenyewe wametuachia mafunzo mengi zaidi ya pesa na mikataba kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1980 huko Marekani, Barbara Smith na Audre Lorde, wanawake weusi wanaopenda wanawake, waliongea kwa simu wakaona wamechoka kungoja kupewa nafasi kwenye nyumba za uchapishaji za watu. Hapo ikazaliwa Kitchen Table: Women of Color Press. Jina ni la meza ya jikoni, na mtu yeyote aliyelelewa na shangazi zake anajua mambo makubwa ya ukoo huamuliwa wapi. Mwaka uliofuata mkusanyiko wa This Bridge Called My Back, uliohaririwa na Cherríe Moraga na Gloria Anzaldúa, ulitolewa na Persephone Press. Persephone ikafunga mwaka 1983. Kitabu kilikuwa kinakwenda kuzikwa na mchapishaji wake. Kitchen Table wakakichukua na kukitoa upya mwaka huohuo, na mpaka leo kinasomeshwa vyuoni.

Mwaka 1993 Firebrand Books, mchapishaji mdogo wa Ithaca, New York, alitoa riwaya ya Leslie Feinberg, Stone Butch Blues. Feinberg alikuwa mfanyakazi wa viwandani na mwanaharakati, na mwili wake haukukaa kwenye kisanduku cha mume wala cha mke. (Kwa Kiingereza watu hujikuna kichwa wamwiteje. Kwa Kiswahili nasema "alikuwa" na yamekwisha. Nitarudi kwenye hili.) Mchapishaji alipofilisika, haki za kitabu ziliingia mahakamani pamoja na madeni, na Feinberg akalazimika kutumia maelfu ya dola za mshahara wake kwa mawakili ili kupata tena kile alichokiandika kwa mkono wake. Alipozipata, toleo la miaka ishirini liliwekwa kwenye mtandao bure mwaka 2014, mwaka aliofariki. Kutoa bure ulikuwa uamuzi wake, na aliweza kuamua kwa sababu kitabu kilikuwa chake tena.

Halafu Topside Press, New York, waliowachapisha waandishi waliobadili jinsia wakiandika kwa ajili ya wenzao, bila kusimama kila ukurasa kumweleza mgeni maana ya dawa au jina jipya. Mwaka 2013 walitoa Nevada ya Imogen Binnie, mwaka 2014 A Safe Girl to Love ya Casey Plett. Topside nao wakafunga. Lakini Nevada ilitolewa upya mwaka 2022 na mchapishaji mkubwa wa New York, na hadithi za Plett zikatolewa upya mwaka 2023 na Arsenal Pulp Press wa Vancouver, nyumba ndogo iliyoanza mwaka 1971. Plett mwenyewe, pamoja na Cat Fitzpatrick, wameanzisha LittlePuss Press, na kitabu chao cha kwanza mwaka 2021 kilikuwa mkusanyiko wa Meanwhile, Elsewhere ambao Topside walikuwa wameutoa mwaka 2017.

Mnaona mfululizo wake? Nyumba hizi hufa. Ndiyo hali yao, ni watu wawili watatu na chumba cha maboksi. Kwa hiyo swali la kumuuliza mchapishaji mdogo kabla ya kusaini ni hili: ukifunga, kitabu changu kinarudi kwangu siku ngapi baadaye?

---

Msomaji_Tandale

Mkuu, uzi umeshiba. Ila hao wote ni wa Marekani na Kanada. Kwetu je? Na isije ikawa yote ni hela za wafadhili, siku wakifunga bomba tunabaki tunatazamana.

---

Mvita_Kalamu

Asante ndugu. Kwetu wapo, na wewe unaweza kuwa umewasoma bila kujua.

Mwaka 2006 Ayebia Clarke, nyumba ndogo ya Mghana Nana Ayebia Clarke iliyoko Uingereza, ilitoa mkusanyiko wa hadithi za mapenzi za wanawake wa Afrika uliohaririwa na Ama Ata Aidoo. Ndani yake kulikuwa na hadithi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, Jambula Tree. Jambula ndiyo zambarau yetu. Wasichana wawili, Anyango na Sanyu, kwenye nyumba za Nakawa, Kampala, chini ya mzambarau. Nilipoisoma nilihisi zile zambarau zinazodondoka kwetu kwenye msimu wake, unazikanyaga na kandambili zako zinabaki na doa mpaka zichakae. Mwaka 2007 ilishinda Tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Afrika, pauni 10,000. Hadithi fupi moja, ya wasichana wawili, kwa pesa ambayo wengi wetu hatujawahi kuishika.

Tuzo hiyohiyo ndiyo mwandishi wetu wa Kenya, Binyavanga Wainaina, aliyoshinda mwaka 2002, na mwaka uliofuata jarida la fasihi la Kwani?, aliloshiriki kulianzisha, likaanza Nairobi. Alijitangaza kuwa ni shoga tarehe 18 Januari 2014, siku yake ya kuzaliwa, kwa maandishi aliyomwandikia mama yake aliyekwisha kufariki. Hakuyapeleka kwenye gazeti kubwa la nje. Aliyatoa kwenye Chimurenga na Africa is a Country, nyumba za watu wake. Alifariki mwaka 2019, na mimi bado sijazoea kumtaja kwa wakati uliopita.

Afrika Kusini kuna MaThoko's Books, tawi la uchapishaji la GALA, hifadhi ya kumbukumbu za watu kuchu iliyoko Johannesburg. MaThoko alikuwa mama wa KwaThema ambaye miaka ya themanini nyumba yake ilikuwa kimbilio la vijana wasiotakiwa kwao. Mwaka 2013 wakatoa Queer Africa, iliyohaririwa na Karen Martin na Makhosazana Xaba, na ule mzambarau wa Kampala umo humo pia. Mwaka 2014 mkusanyiko huo ulipata tuzo ya Lambda Literary huko Marekani. Nigeria, Cassava Republic walitoa She Called Me Woman mwaka 2018, simulizi za wanawake wenyewe. Na London, Team Angelica ya Rikki Beadle-Blair na John R. Gordon ilimchapisha Diriye Osman, mzaliwa wa Mogadishu aliyekulia Nairobi. Kitabu chake cha mwaka 2013, Fairytales for Lost Children, alikichora picha mwenyewe, na mwaka 2014 kilishinda tuzo ya Polari ya kitabu cha kwanza.

Kuhusu wafadhili hujakosea. Invisible ya Kevin Mwachiro, masimulizi ya watu kuchu wa Kenya, ilitolewa kwa msaada wa Goethe-Institut. GALA pia huishi kwa ruzuku. Sioni aibu katika hilo, mashairi yetu ya kale nayo yalikuwa na mabwana waliomlisha mshairi. Ninachokataa ni ruzuku inayolipa ukumbi na kumruka mwandishi. Na njia ya wasomaji ipo: Strange Horizons, jarida la hadithi za kubuni za kisayansi na za ajabu, limekuwepo tangu mwaka 2000, wahariri wanajitolea, wasomaji wanachanga kila mwaka, na mwandishi analipwa kwa neno. Kiwango ninachokijua ni senti 10 za dola. Hadithi ya maneno 3,000 ni dola 300, kama shilingi elfu 38 za Kenya na zaidi kidogo. Wahariri wameamua wao wasilipwe ili mwandishi alipwe. Waandishi kuchu wamejaa humo na hawakuulizwa wanafanya nini chumbani.

---

Dada_Karatasi

Nashukuru kwa uzi huu. Mimi nimepewa mkataba na mchapishaji mdogo wa Marekani, diwani ya mashairi. Wamesema asilimia kumi. Nifurahi?

---

Mvita_Kalamu

Hongera sana dada, kwanza furahi. Halafu uliza: asilimia kumi ya nini?

Chukua kitabu cha dola 18. Duka na msambazaji kwa pamoja huchukua nusu na zaidi. Tuseme asilimia 55. Mchapishaji anabaki na dola 8 na senti kidogo, na humo anatoa gharama ya kuchapa. Mkataba ukisema kumi ya bei ya jaladani, wewe unapata dola moja na senti 80 kwa nakala. Ukisema kumi ya kinachomfikia mchapishaji, unapata senti 81. Zikiuzwa nakala 500, ambazo kwa mashairi si haba, tofauti ni dola 900 dhidi ya 405. Maneno mawili ya mkataba yamekula kodi yako ya nyumba.

Usiombe zaidi ya uwezo wao. Mchapishaji mdogo mwaminifu anaweza kukwambia hana malipo ya awali, au ana dola 300 tu. Hilo si dhambi. Dhambi ni kukuomba haki za tafsiri, za filamu, za sauti na za dunia nzima kwa hizo 300. Mpe haki ya kuchapa kwa Kiingereza kwa muda fulani, nyingine baki nazo. Kiswahili chako usikitoe.

Kodi: watakuletea fomu inayoitwa W-8BEN. Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo kwenye mrabaha wako, yaani fungu lako la mauzo, asilimia 30 hubaki kwa serikali yao. Kwenye dola 200 unaona 140. Usidhani mchapishaji amekuibia, mimi nilimwandikia mmoja barua kali kisha nikarudi kumwomba radhi.

Na uulize nani anawasambazia vitabu. Tarehe 28 Machi 2024, Small Press Distribution ya Berkeley, iliyokuwepo tangu mwaka 1969, ilifunga ghafla. Karibu wachapishaji wadogo 400 waliamka wakakuta msambazaji wao hayupo, vitabu viko kwenye maghala ya watu wengine, na pesa za mauzo haijulikani zitapatikana lini. Waliokuwa humo wengi walikuwa ndio hawa tunaowazungumzia, wa mashairi, wa waandishi kuchu, wa tafsiri. Mwandishi hakuwa hata na jina la msambazaji kwenye mkataba wake, lakini mrabaha wake ulikuwa umelala humo.

---

Kipepeo_KLA

Mimi niko Kampala. Sitasema mengi. Mnaongea mikataba vizuri, lakini mkataba una jina langu. Nikilipwa, benki inaona. Mtu wa hapa afanyeje?

---

Mvita_Kalamu

Ndugu yangu, swali lako nimelisoma mara tatu kabla ya kujibu.

Kwa wasiojua: sheria ya Uganda dhidi ya mapenzi ya jinsia moja iliyotiwa saini Mei 2023 inahesabu kuchapisha na kusambaza maandishi ya "kuhamasisha" kuwa kosa, kifungo hadi miaka 20. Mahakama ya Katiba iliiacha karibu yote tarehe 3 Aprili 2024. Kwa hiyo sitamwambia mtu wa Kampala awe jasiri. Mimi niko Nairobi, na hapa pia vifungu vya mkoloni vinavyoharamisha mapenzi hayo vilithibitishwa na Mahakama Kuu Mei 2019. Ujasiri kila mtu ajipimie mwenyewe.

Nigeria walijaribu njia moja. Mwaka 2017 kikundi kilichojiita 14 kilitoa mkusanyiko wa We Are Flowers kupitia Brittle Paper, tovuti ya fasihi, mtu anapakua bure. Kumi na nne ni miaka ya kifungo kwenye sheria yao ya mwaka 2014. Wakaivaa kama jina. Ulinzi ulikuwa mzuri. Lakini kazi ya bure haimlipi mtu, na tumerudi palepale kwenye nauli ya mia.

Njia ninayoiona ikifanya kazi ni kutenganisha majina mawili: jina la jaladani na jina la malipo. Mkataba unasainiwa kwa jina la kisheria, unakaa kwa mtu mmoja tu upande wa mchapishaji, na kila mahali pengine, barua pepe, orodha ya wachangiaji, tangazo la uzinduzi, linatumika jina la kalamu. Muulize mchapishaji kwa maandishi: nani hasa ataliona jina langu la kitambulisho, na faili linahifadhiwa wapi? Asiyeweza kujibu hajawahi kufikiria, na asiyewahi kufikiria usimpe jina lako. Unaweza pia kuomba malipo yashikiliwe mpaka utakapokuwa mahali salama. Nimeona yakishikiliwa miezi kumi na nne, na yakatoka yote.

Kwa waliobadili jinsia, jina la kitambulisho lina jeraha lake la pili, hata pasipokuwa na polisi. Rafiki yangu alilipwa kwa simu na jarida moja la hapa Nairobi, silitaji. Ukituma pesa kwa simu, jina la usajili linajitokeza. Mhasibu akampigia mbele ya ofisi nzima: "Hapa imeandikwa jina la mwanamume, wewe nani?" Alikuwa amesimama kwenye foleni ya matatu, sauti ya simu iko juu. Alikata. Hadithi waliyokuwa wakimlipia ilikuwa juu ya kuitwa jina lisilo lake. Wale watu waliihariri, waliisifu, waliichapisha, halafu wakaisahau siku ya malipo.

Mhariri wangu wa sasa hufanya hivi: kabla ya kutuma chochote anaandika ujumbe, "Jina litakalotokea ni lipi, na ungependa nani alione?" Sentensi moja. Inachukua dakika moja, na nimemwona mtu mzima akilia kwa sababu yake.

---

Mzee_wa_Gombani

Mwanangu, nimesoma kuanzia juu. Mimi kwa dini yangu sikubaliani na mambo yenu na nasema wazi, sipendi unafiki. Lakini nimefanya kazi kwenye kiwanda cha kupiga chapa miaka thelathini, nimepanga herufi za risasi kwa vidole hivi, na nasema aliyeandika alipwe. Niliona washairi wakubwa wakija kuomba nakala za vitabu vyao wenyewe. Swali langu ni jingine. Vitabu vyote ulivyotaja ni vya Kiingereza. Kiswahili kimewakosea nini?

---

Mvita_Kalamu

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru kwa kusema wazi, na kwa kusoma mpaka chini.

Kiswahili hakikutukosea. Kilichopo ni kwamba anayelipa anataka Kiingereza. Mwandishi ana njaa leo, anaandika lugha inayolipa leo. Hii ndiyo sababu nasema suala la pesa si la pembeni, ndilo linaloamua hata lugha tutakayowaachia wajukuu. Dirisha dogo lipo: Samovar, jarida dada la Strange Horizons, huchapisha tafsiri pamoja na maandishi ya asili ubavuni mwake. Mtu anaweza kuandika Kiswahili, na Kiswahili chake kikasimama kwenye ukurasa bila kuvuliwa viatu mlangoni.

Ngoja nikupe kisa cha kazi, mzee, kwa sababu wewe ni mtu wa chapa utanielewa. Mwaka jana nilipewa kutafsiri hadithi ya rafiki kutoka Kiingereza. Kijana analelewa na bibi yake Kisauni, anaondoka, anarudi baada ya miaka sita akiwa mwanamke. Bibi haoni vizuri. Hadithi nzima inategemea neno moja la mwisho: bibi, ambaye kurasa zote amemtaja kwa neno la kiume la Kiingereza, anamwambia jirani sentensi yenye neno la kike. Msomaji wa Kiingereza hapo hushusha kitabu.

Kwa Kiswahili kitu hicho hakipo. "Anakuja" ni anakuja, awe nani. Ile "a" yetu, ambayo kwa Leslie Feinberg ilinipa raha, hapa ikanimezea hadithi nzima. Nilijaribu "mjukuu wangu wa kike amekuja". Ikasikika kama karani wa vitambulisho. Nilijaribu "binti huyu". Ikasikika kama bibi amemwona mgeni. Wiki mbili, mzee. Nimelala nayo, nimeamka nayo.

Siku moja nikaenda kumwona bibi yangu mzaa mama. Amenikuta nimekaa kibarazani, akaniita kama alivyoniita siku zote, "Mume wangu, umekula?" Nikashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Bibi humwita mjukuu wa kiume mume wangu. Na mjukuu wa kike humwita mke mwenzangu, kwa utani, maana wote wanamgombea babu.

Nikarudi nikaanza upya. Ukurasa wa kwanza bibi anaita: "Mume wangu, funga mlango." Anaita hivyo mara saba, nimezihesabu. Na ukurasa wa mwisho, kijana amerudi na buibui lake, amesimama uani hajui aanzie wapi. Bibi anapapasa uso wake kwa vidole, anapapasa hereni, ananyamaza kidogo, kisha anageukia jikoni: "Mke mwenzangu, njoo tule, wali unapoa."

Nilimpelekea mwandishi. Akanipigia simu, hakusema kitu kwa muda, nikasikia tu magari upande wake. Akaniambia hii sasa ndiyo asili, ile ya Kiingereza ndiyo tafsiri.

Nalipwa kwa neno. "Mke mwenzangu" ni maneno mawili. Mhariri alipoona hesabu yangu aliandika kwamba kwa wiki zile mbili ananiongezea posho ya kazi, akailipa kutoka mfuko wa mchango wa wasomaji. Hakuniambia niyafanye kwa mapenzi ya lugha. Mapenzi ya lugha ninayo, kodi ya nyumba haiyapokei.

---

Mzee_wa_Gombani

Mke mwenzangu. Marehemu mama yangu alikuwa akiwaita hivyo binti zangu. Sawa mwanangu. Hiyo niipate niisome.

---

Dada_Karatasi

Nimeandika kwa mchapishaji jana usiku kuuliza kumi ya nini. Wamejibu asubuhi: ya bei ya jaladani kwa nakala wanazouza wenyewe, ya kinachowafikia kwa zinazopitia dukani. Wamesema hakuna aliyewahi kuuliza, wataliandika wazi kwa kila mtu. Sasa naomba, kile kifungu cha kurudisha kitabu nikiandikeje? Mimi si mwanasheria.

---

Mvita_Kalamu

Safi sana dada, na wamekujibu kiungwana. Mimi pia si mwanasheria, ukimpata wa kukisoma mpe. Hiki ndicho tulichoandika mimi na rafiki yangu wa Kisauni kwenye mkataba wake, kwa Kiswahili kwanza, halafu nikakigeuza Kiingereza kwa ajili ya mchapishaji. Wamekisaini bila kubadili nukta. Kichukueni:

"Mchapishaji akifunga, akifilisika, akiuza nyumba yake ya uchapishaji, au kitabu kikikosekana sokoni kwa miezi sita mfululizo, haki zote zinarudi kwa mwandishi siku ya thelathini baada ya mwandishi kuandika barua, bila malipo na bila kwenda mahakamani. Nakala zilizobaki mwandishi anaweza kuzinunua kwa gharama ya kuchapa. Mrabaha uliokwisha kupatikana unabaki kuwa deni. Katika kila toleo, tangazo, orodha na barua, mwandishi atatajwa kwa jina lililoko jaladani. Jina la kisheria litajulikana kwa mtu mmoja tu atakayetajwa hapa chini, kwa ajili ya malipo, na mwandishi akibadili jina lake lolote kati ya hayo, mchapishaji atalibadili kwenye kila nakala mpya anayochapa."

Pale "atakayetajwa hapa chini" waandike jina na saini kwa kalamu. Usikubali waandike "ofisi ya uhasibu".